Shambaai na Nyika: Historia ya Lushoto katika Lugha ya Ardhi Yake

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuitazama historia ya Lushoto, mji wa wakulima ulio katika milima ya Usambara Magharibi, Mkoa wa Tanga, nchini Tanzania, kwa kuyafuata maneno ambayo wenyeji wake wameyatumia kuieleza ardhi yao. Mji huu si mgeni kwa wasomaji wa Afrika ya Mashariki. Aghalabu hutajwa kwa ubaridi wa hewa yake, kwa misitu na magenge yake, kwa mboga na matunda yake, na kwa majengo machache yaliyosalia tangu enzi ya Wajerumani. Mgeni anayeuzuru huonyeshwa hayo yote. Naye akiuliza historia ya mji, husimuliwa kuanzia siku ambazo Mjerumani alipanda mlima na kujenga boma.

Hesabu hiyo ina kasoro. Mji kwa maana ya boma, gereza na barabara ni jambo la juzi, lakini nchi ambayo mji huo umesimama ndani yake ilikuwa na watawala, mashamba, na mjadala mrefu kuhusu namna nchi inavyostawi na inavyoangamia. Mjadala huo ulifanywa kwa Kishambaa. Hoja ya makala haya ni kwamba urithi mkubwa kabisa wa Lushoto ni elimu ya kilimo na ya utawala iliyohifadhiwa katika msamiati wa lugha hiyo. Kwamba watawala walioamuru bila ya kuusikiliza msamiati huo walipingwa kwa maneno yale yale waliyoyapuuza. Na kwamba sisi wanafunzi wa lugha tunao wajibu wa kuushughulikia kabla haujapotea.

Katika kuijenga hoja hii nimetegemea zaidi maandishi mawili ya aina mbalimbali. La kwanza ni Habari za Wakilindi, kitabu cha Kiswahili kilichoandikwa na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. La pili ni kazi ya mwanahistoria Steven Feierman, hasa vitabu vyake vya 1974 na 1990, vilivyotokana na mazungumzo marefu na wazee wa Kishambaa. Kuhusu enzi ya Wajerumani nimefaidika na historia ya Tanganyika ya John Iliffe, iliyochapishwa 1979.

2. Nchi na majina yake

Msafiri atokaye Tanga au Moshi huiacha njia kuu Mombo, mahali penye joto na mashamba ya mkonge, akaanza kupanda. Barabara hujipinda ubavuni mwa mlima, hupita karibu na maporomoko ya maji ya Soni, na baada ya kilomita zipatazo 33 humfikisha Lushoto, katika bonde lililo yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Katika mwendo wa saa moja hivi msafiri huyo ametoka katika nchi moja na kuingia katika nchi nyingine, na hivyo ndivyo lugha ya wenyeji inavyosema.

Kwa Kishambaa, nchi ya juu ni Shambaai na nchi ya chini ni nyika. Neno Shambaai lina kiambishi cha mahali -i, ambacho hufanya kazi ya -ni katika Kiswahili. Ni kiambishi kile kile tukionacho katika jina la mfalme Kimweri ye Nyumbai, yaani Kimweri wa Nyumbani. Lakini Shambaai si neno la kutaja urefu wa mlima tu. Wazee waliozungumza na Feierman waliieleza kuwa ni nchi ya mimea fulani, ya mvua na ya afya, mahali ambapo mtu aweza kukaa na kulea watoto. Nyika ni nchi ya ukame, ya wanyama wa mwitu na ya homa. Mtu wa Shambaai akikaa sana nyika huugua. Leo twajua kwamba mbu wa malaria hustawi zaidi katika joto la tambarare, na kwa hiyo mgawanyo huo wa nchi mbili ulikuwa na maarifa ya uzazi na mauti ndani yake.

Hata hivyo mkulima wa Kishambaa hakuikimbia nyika. Vijiji vingi vya kale vilijengwa karibu na ukingo wa mlima, mahali ambapo watu wangelala katika hewa ya baridi na kushuka kulima chini majira yanaporuhusu. Sababu yake ni rahisi kuieleza. Mvua za juu na za chini hazifanani kwa wakati wala kwa kiasi, na mazao yake hayakomai pamoja. Mwenye shamba moja juu na jingine chini hangepoteza yote mwaka mmoja. Migomba ilizunguka nyumba. Baadaye mahindi yakaenea miteremkoni. Na katika mabonde yenye unyevu watu walilima vitivo, yaani yale mashamba ya ardhi nyeusi yenye rutuba na maji, ambayo hutoa chakula hata katika miezi ambayo miteremko imekauka.

Mgeni asimamapo leo juu ya genge la Irente, kilomita chache kutoka mjini, huona tambarare ya nyika imetandazwa karibu mita 1,000 chini ya miguu yake, nayo inaishilia mbali katika ukungu wa joto. Husifu mandhari, na ana haki. Lakini mwenye lugha huona mpaka kati ya nchi mbili, na huona mashamba ya ukoo wake pande zote mbili za mpaka huo.

Yafaa pia tutaje jina la milima yenyewe. Wenyeji hujiita Washambaa. Katika maandishi ya mwanzoni mwa karne ya 20 lugha yao huandikwa Kishambala, kama tuonavyo katika sarufi ya Karl Roehl ya 1911 na kamusi ya Langheinrich ya 1921. Kisha ile l kati ya irabu hudondoka. Umbo la Usambara, lenye s mahali pa sh na r mahali pa l, ndilo lililokwenda katika ramani. Ndilo pia lililoingia katika sayansi: mti mkubwa wa mkulo, ambao mbao zake hunukia kama kafuri, huitwa na wataalamu wa mimea Ocotea usambarensis. Basi nchi hii ilijulikana duniani kwa jina ambalo wenyeji wake hawakulitamka hivyo.

3. Mwindaji na nguruwe

Habari za Wakilindi ni miongoni mwa kazi kubwa za nathari ya Kiswahili za kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ilichapwa kwanza kwa sehemu katika misheni ya Magila, na mwaka 1962 East African Literature Bureau ya Nairobi ikaitoa upya chini ya uhariri wa J. W. T. Allen. Mwandishi wake alikuwa mtu wa pwani aliyepata kuwa karani wa Semboja, mtawala wa Mazinde, na kwa hiyo aliyasikia masimulizi ya ukoo wa kifalme kutoka vinywani mwa wenyewe. Ni kitabu cha watawala, kimeandikwa kwa lugha ya pwani. Lakini hapa na pale maneno ya Kishambaa hujitokeza, na pamoja nayo mawazo ya wakulima.

Kiini cha kitabu ni hadithi ya Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu, ambaye Feierman amkadiria kuwa wa nusu ya kwanza ya karne ya 18. Mbegha alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na jamaa zake wakamnyima urithi. Akaenda Kilindi, na huko mwana wa mkuu wa nchi, rafiki yake, akauawa na nguruwe mwitu katika mawindo. Mbegha akakimbia, akaishi porini pamoja na mbwa wake, hata akafika milimani. Huko aliwakuta watu walioonewa na nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba. Akawaua nguruwe, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya mashambani. Sifa zake zikaenea kutoka kijiji hadi kijiji, mpaka wazee wa Vuga wakaja kumchukua. Njiani akamuua simba, na tangu hapo Simba likawa jina la heshima la mfalme.

Wako wanaoisoma hadithi hii kama kumbukumbu ya uhamiaji, na wako wanaoisoma kama hekaya ya kuuhalalisha ukoo wa Wakilindi. Zote mbili ni tafsiri zenye haki. Lakini tukiiangalia kwa jicho la mkulima twaona jambo la tatu. Hadithi haisemi kwamba Mbegha aliitwaa nchi kwa mkuki. Yasema alipewa kwa sababu aliyalinda mashamba. Alitoka nyika, alikuwa na nguvu za porini, na nguvu hizo zilikuwa za kuogofya. Zikawa halali pale zilipoelekezwa kwa nguruwe waharibifu. Nyama ilishuka kutoka kwa mtawala, nafaka na ndizi zikapanda kutoka kwa raia. Hayo ndiyo masharti ya utawala katika Shambaai, na mtawala mwenyewe, kwa kinywa cha karani wake, ndiye aliyeyahifadhi.

4. Nguvu na mvua

Masharti hayo yana istilahi zake. Kishambaa hutumia neno shi kwa maana ya nchi au ardhi. Kuzifya shi ni kuiganga nchi, kuitengeneza ipate mvua, mazao na amani. Kubana shi ni kuiharibu. Vitenzi hivi viwili, alivyoonyesha Feierman katika kitabu chake cha 1990, havitenganishi siasa na kilimo. Mfalme alihesabiwa kuwa mwenye mvua. Aliyekuwa na enzi moja isiyo na mshindani aliiganga nchi, kwa kuwa ushuru wa raia wote ulikuwa wake na hakuwa na sababu ya kuizuia mvua. Lakini walipotokea wawili wanaopigania enzi, hali hiyo iliitwa nguvu kwa nguvu, na ndipo njaa ilipotarajiwa.

Msomaji wa leo aweza kuicheka imani ya dawa za mvua. Hata hivyo ni vema atazame kilichotokea. Kimweri ye Nyumbai alitawala kwa miaka mingi kutoka Vuga, na enzi yake ilifika hata pwani. J. L. Krapf, mmishonari aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alimwendea mwaka 1848 na tena 1852, akaona nchi iliyotulia na iliyolimwa. Kimweri alipofariki, mwaka 1862 kwa hesabu ya Feierman, warithi wakagombana. Semboja, mwanawe, alikuwa amejiweka Mazinde, chini katika nyika, kwenye njia ya misafara iendayo bara. Huko alipata bunduki na baruti, na huko watu waliuzwa. Enzi ikashuka kutoka mlimani. Mtawala akapata nguvu zake kwa biashara ya njia kuu badala ya ushuru wa mashamba, na hakuwa tena na haja ya mkulima aliyeshiba. Vita vikafuata, vijiji vikashambuliwa, raia wakatekwa. Nguvu kwa nguvu kweli ilileta njaa, kwa sababu mtu anayehofia kutekwa hawezi kushuka kulima shamba lake la mbali. Istilahi ya wakulima iliueleza uhusiano huo kwa usahihi, hata kama iliutaja kwa jina la mvua.

5. Wilhelmstal

Wajerumani waliikuta nchi katika hali hiyo. Kwanza waliweka kituo chao Mazinde, na baadaye wakapanda mlimani wakaujenga mji wa utawala Lushoto, wakauita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja, na mwaka huo huo wakamweka Kinyashi kuwa mtawala Vuga chini ya amri yao. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Hewa ya mlimani iliwapendeza Wazungu waliochoka na joto la pwani, wakatwaa ardhi kwa mashamba makubwa.

Ukiangalia majengo ya enzi hiyo waweza kudhani kwamba historia ya wakati ule ilikuwa ya mawe na chokaa. Raia waliikumbuka zaidi kwa neno kipande. Mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal ilianzisha utaratibu wa vipande vya kazi: kila mwanamume alipewa kadi, naye akalazimika kumfanyia mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi minne kwa ujira uliowekwa. Siku 30 si nyingi katika daftari la karani. Lakini mkulima mwenye shamba juu na shamba chini huishi kwa kuwahi majira, na siku alizotakiwa na mlowezi zilikuwa zile zile alizotakiwa na mvua.

Misitu nayo ilipewa mwenyewe mpya. Mitarakwa ya Shume ilikatwa na mbao zake zikateremshwa kwa njia ya waya hadi Mkumbara, kwenye reli. Sehemu nyingine za msitu ziliwekwa mipaka zikawa hifadhi za serikali. Twaweza kuushukuru uamuzi huo kwa ajili ya msitu wa Magamba, ambao hata leo hulinda chemchemi za mabonde mengi. Lakini tusisahau kwamba mpaka uliochorwa ulimtenga mtu na mahali pa kuni, dawa na matambiko yake bila ya kumwuliza.

Upande wa lugha mambo yalikuwa mawili. Serikali ya Wajerumani ilitawala kwa Kiswahili, kwa mikono ya maakida na makarani waliosoma, wengi wao Tanga. Hivyo Kiswahili kikapanda mlima kama lugha ya kodi, ya baraza na ya kipande. Wamishonari wa Bethel, waliofungua kituo chao cha Mlalo mwaka 1891, walikishughulikia Kishambaa, wakakiandikia sarufi na kamusi. Roehl, mwandishi wa ile sarufi ya 1911, ndiye ambaye baadaye alitafsiri Biblia nzima kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1937. Basi kazi ya lugha milimani iligawanyika: Kiswahili kilipewa ofisi, Kishambaa kikapewa kanisa, na lugha ya shamba haikupewa mtu wa kuiandika.

Hali kama hiyo yaonekana hata katika ua dogo la urujuani ambalo sasa limo madirishani kote Ulaya na Marekani. Ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipata Usambara akalipeleka kwa baba yake. Mwaka 1893 likaelezwa kisayansi na kuitwa Saintpaulia. Wataalamu wa leo wameliingiza katika jenasi ya Streptocarpus, lakini jina la ofisa limebaki midomoni mwa watu. Yule mwenyeji aliyelijua kwanza hakutajwa.

6. Matuta

Majeshi ya Waingereza yaliuteka mji katikati ya mwaka 1916, na jina la Lushoto likarudi. Kwa mkulima mabadiliko makubwa zaidi yalikuja baada ya Vita vya Pili. Watu walikuwa wameongezeka, mashamba yamepanda juu miteremkoni, na udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji. Mwaka 1946 serikali ilianzisha mpango wa kuihifadhi ardhi katika bonde la Mlalo, kisha ukapanuliwa sehemu nyingine za milima. Sharti lililochukiwa kuliko yote lilikuwa la kulima matuta katika mashamba ya miteremkoni, asiyelima alishtakiwa.

Haki yatulazimisha tuseme kwamba hofu ya mmomonyoko haikuwa ya uzushi. Mabwana shamba waliona udongo mwekundu katika mito, na waliloliona lilikuwa kweli. Kosa lilikuwa katika namna walivyolitambua tatizo. Waliona mteremko na mvua. Hawakuona watu waliougawana mteremko huo. Kazi ya jembe ilikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya wanawake, na matuta yaliiongeza kazi hiyo wakati wa majira mafupi ya kupanda. Maskini, ambaye shamba lake lote liko mteremkoni, aliumia kuliko tajiri mwenye kitivo bondeni. Tena watawala wa jadi waliokuwa wametakiwa kuiganga nchi sasa walitakiwa kuwashtaki raia kwa ajili ya matuta. Kwa lugha ya Shambaai, hilo lilikuwa nini kama si kubana shi?

Ndivyo wakulima walivyosema. Feierman ameonyesha kwamba upinzani dhidi ya matuta ulisemwa kwa istilahi zile zile za kale: nani anaiganga nchi, nani anaiharibu. Wapinzani hao walikuwa wakulima, wengine makarani na walimu wa zamani, waliojua Kiswahili cha baraza na Kishambaa cha shamba, wakahamisha hoja kutoka lugha moja hadi nyingine. Wengi wao wakajiunga na TANU, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Mnamo 1963 sheria ya Tanganyika huru ikaondoa mamlaka ya machifu, na enzi ya Wakilindi kama utawala ikakoma.

Wasomaji wa Kenya wataikumbuka Murang'a ya 1947 na 1948, ambako wanawake walikataa kazi ya kulazimishwa ya kujenga makinga maji mashambani. Kufanana kwa visa hivi viwili si kwa bahati. Dola ilikuwa moja na hofu yake ya mmomonyoko ilikuwa moja. Walakini kila nchi ilijibu kwa maneno yake, na pasipo kuyajua maneno hayo mwanahistoria ataandika tu kwamba watu walikuwa wakaidi.

7. Mji wa leo

Lushoto ya leo ni makao makuu ya wilaya. Ina ofisi, makanisa na misikiti, stendi ya mabasi, na Chuo cha Uongozi wa Mahakama, ambako makarani na mahakimu hufundishwa. Siku za soko wanawake huteremka kutoka vijijini na vikapu na matenga, nao hujaza njia kwa kabichi, karoti, viazi, nyanya, pilipili hoho, mafyulisi na mapeasi. Mchana malori hupakiwa. Usiku hushuka Mombo yakaelekea Dar es Salaam na Tanga. Zao la mkulima mdogo ndilo linaloulisha mji huu, pamoja na chai inayolimwa katika sehemu zenye mvua zaidi.

Mboga hizi hupenda maji, na kwa hiyo vitivo vya zamani vimepanda thamani. Shamba la bondeni ambalo babu alilitunza kwa ajili ya mwaka wa njaa, leo mjukuu hulilima kwa ajili ya soko la mji mkubwa, mavuno baada ya mavuno, kwa mbolea na dawa za dukani. Fedha huja haraka. Bei nayo huanguka haraka, kwa kuwa mboga haingoji. Elimu ile ya kuwa na shamba juu na shamba chini ilikuwa kinga dhidi ya mwaka mbaya. Mkulima wa kabichi ana kinga gani? Swali hili si la mchumi pekee.

Jambo la kutia moyo ni kwamba hifadhi ya udongo yenyewe imerudi kwa njia nyingine. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa takriban miaka 20, mradi wa Tanzania na Ujerumani uliojulikana kwa kifupi kama SECAP uliwahimiza wakulima kupanda mistari ya majani ya Guatemala na miti kwa kufuata usawa wa mteremko. Majani hayo hushika udongo, na vile vile hulisha ng'ombe wa zizini, ambaye hutoa maziwa na samadi. Si kila mkulima aliyeyapokea, wala mmomonyoko haukwisha. Lakini tofauti na matuta ya Waingereza yafaa kuzingatiwa: safari hii kinga ya ardhi ilimpa mwenye shamba kitu cha kuchukua nyumbani.

Kuhusu lugha, mtoto wa mjini Lushoto husoma, hucheza na hununua kwa Kiswahili, na hiyo ni faida ya taifa ambayo hatutaki kuipunguza. Kishambaa bado kinazungumzwa na watu wengi vijijini. Lakini lugha huweza kuwa na wazungumzaji wengi huku ikipoteza msamiati wake wa kazi. Anayelima kwa ajili ya soko hujifunza majina ya mbegu na dawa yaliyoandikwa kwenye pakiti. Majina ya aina za migomba, ya hali za udongo, ya mvua ndogo na kubwa, na ya hatua za kulifungua shamba jipya, yamo zaidi katika vinywa vya wazee, hasa wanawake. Maneno hayo yakienda, hatutapoteza maneno matupu. Tutapoteza namna ya kuyapima mashamba ambayo ilikuwapo kabla ya boma.

8. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba historia ya Lushoto haianzii Wilhelmstal. Katika hadithi ya Mbegha, katika vita vya warithi wa Kimweri, katika kipande na katika matuta, swali lilikuwa lile lile: nani mwenye haki ya kuiamrisha ardhi, na kwa faida ya nani? Washambaa walikuwa na maneno ya kuliuliza, na waliliuliza mbele ya mfalme, mbele ya Mjerumani na mbele ya Mwingereza.

Kutokana na hayo napendekeza mambo mawili. La kwanza ni kwamba Habari za Wakilindi isomeshwe katika idara zetu si kama mfano wa nathari ya kale tu, bali kama andiko la historia, pamoja na maelezo ya maneno ya Kishambaa yaliyomo. La pili ni kwamba wanafunzi wetu wapelekwe mashambani kukusanya msamiati wa kilimo, Usambara na kwingineko: Taita, Upare, Meru na Kisii. Kazi za Roehl na Langheinrich zina umri wa zaidi ya miaka 100, na zilifanywa na wageni ambao shughuli yao ya kwanza ilikuwa injili. Nani ameandika upande wa jembe?

Tunapoianza kazi hiyo tunaweza kulikumbuka neno moja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu hulieleza neno kitivo kwa maana mbili: mahali penye rutuba nyingi, na sehemu ya chuo kikuu inayoshughulikia taaluma maalumu. Sisi tunaofundisha tumeizoea maana ya pili. Tunaiandika katika barua zetu na juu ya milango ya ofisi zetu. Mama wa Lushoto aliyeinama bondeni asubuhi hii anapalilia karoti anaijua maana ya kwanza. Ingefaa tumwendee tukamwulize ni maneno gani mengine anayo.